Kuwasha gari la dizeli asubuhi ya baridi: mwongozo kwa wanaoendesha nyanda za juu

Ikifika Juni, gereji za Njombe, Makete na Mufindi huanza kupokea magari ya aina moja: Hilux, Canter na Land Cruiser za zamani zilizopanda kutoka Pwani zikiwa nzima, zikalala usiku mmoja, asubuhi zikagoma. Mwenye gari atakuambia baridi imemwulia injini. Ukifungua boneti unakuta hita plagi mbili (vijiti vya umeme vinavyopasha moto silinda kabla ya kuwasha) zimekufa siku nyingi, betri imechoka, oili ni nzito kama ya trekta, na joto la Dar es Salaam lilikuwa likiyasitiri yote hayo. Gari zima la dizeli huwaka Njombe mwezi wa saba bila kelele. Huwaka hata kwenye uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, ambako sakitu hugeuza majani kuwa meupe alfajiri. Likigoma kuna sababu, na sababu hiyo hutafutika.

Kwanza ujue baridi inafanya nini

Injini ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa na kuigandamiza mara 16 hadi 22, hewa inapanda joto kupita nyuzi 500, kisha nozeli inapuliza dizeli humo na kuwaka yenyewe. Asubuhi ya baridi joto hilo linapotea njiani. Chuma cha silinda kinalinyonya. Oili iliyokuwa nzito inaifanya stata izungushe polepole, na injini ikizunguka polepole hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi kabla haijapata moto. Betri nayo, wakati ndipo inapodaiwa nguvu nyingi kuliko siku zote, inatoa pungufu: karibu na nyuzijoto 0 hubakiwa na kama nne kwa tano ya uwezo wake.

Kwetu kuna jambo la nne ambalo miongozo ya Ulaya hailitaji, nalo ni mwinuko. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Pwani. Silinda inaanza na hewa kidogo, inamaliza na mgandamizo mdogo. Ndiyo maana lori lililolala Chimala likawaka vizuri, likipanda kona za Matamba na kulala juu linaweza kukusumbua kesho yake hata kama baridi si kali sana.

Ujue pia injini yako ni ya kundi gani. Zile za zamani zenye chumba kidogo cha kuwashia juu ya silinda, kama 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, 1HZ ya Land Cruiser, au TD27 na QD32 za Nissan, hutegemea sana hita plagi. Zile zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni huvumilia zaidi, na za kisasa zenye nozeli za umeme huvumilia kuliko zote, ila zikigoma huwezi kuzibembeleza kwa mkono.

Kazi ya jioni

Asubuhi nzuri huandaliwa jioni, injini ikiwa bado ya moto.

Jaza tenki. Tenki lililo nusu lina hewa, hewa ina unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone yanayoteremka chini kwenye mdomo wa bomba la mafuta. Kisha fungua koki ndogo iliyo chini ya filta ya dizeli au chini ya kile kikombe cha kukusanyia maji, weka chupa, na uache itiririke mpaka itoke dizeli tupu. Maji yaliyobaki humo yanaweza kuganda usiku na kuziba njia.

Hapo fanya jambo moja ambalo madereva wachache hulifanya. Chukua chupa safi inayoangaza, ijaze dizeli ileile ya kwenye tenki, ifunge na uilaze nje karibu na gari. Asubuhi itazame kwenye mwanga. Ikiwa dizeli bado inang'aa na chini hakuna kitu, mafuta yako hayana kosa, tafuta shida kwingine. Ukiona mstari chini, na juu yake dizeli, hayo ni maji, na kituo ulichojaza hakifai kurudiwa. Ukiona ukungu mweupe uliotanda chupa nzima, hiyo ni nta. Dizeli yote ina nta ndani yake, na nta hiyo huanza kujitenga kwenye baridi. Ikizidi, huziba filta. Chupa hii inakuokolea mabishano mengi na fundi.

Paki kwa akili. Pua ya gari ielekee ukuta au kichaka, isielekee upepo. Turubai au blanketi zito juu ya boneti husaidia kuhifadhi joto kwa saa kadhaa. Ukiziba redieta kwa gunia au katoni, liondoe kabla ya kuwasha, maana feni ikilidaka unaweza kuvunja bapa zake.

Halafu ile desturi ya kupaki mteremkoni ili asubuhi gari libiringike likamate gia. Naielewa, na kwa mtu aliye Bulongwa bila betri nzuri huenda ndiyo njia pekee. Lakini fahamu kwamba injini ikiwa imezima, breki hukupa kanyagio moja au mbili kisha inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani vilevile. Barabara yetu ya asubuhi ina ukungu, ina utelezi na ina watoto wanaokwenda shule. Nunua betri.

Alfajiri, hatua kwa hatua

Zima kila kinachokula umeme: taa, redio, feni ya ndani, chaja ya simu. Weka gia huru, kanyaga klachi mpaka chini na uishikilie hivyo. Oili ya gia boksi nayo imekuwa nzito, na ukikanyaga klachi unaiondolea stata mzigo wa kuizungusha. Kwa gia za otomatiki acha kwenye P.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya njano yenye alama ya waya uliojikunja itawaka. Ngoja izime. Kwenye gari za karibuni ni sekunde mbili tatu, kwenye za zamani inaweza kufika 15 au 20. Baridi ikiwa kali rudisha swichi, washa tena, ngoja mara ya pili. Taa ikizima piga stata palepale, usianze kufunga mkanda na kutafuta miwani.

Mguu wa mafuta unategemea pampu. Gari lenye pampu ya zamani, ambayo waya wa mafuta unaenda moja kwa moja kwenye pampu, kanyaga kama theluthi hadi nusu na utulie hapo. Gari linaloongozwa na kontrol boksi (kompyuta ya injini) liache, usiguse; lenyewe linajua kiasi.

Piga stata kwa sekunde 10, zisizidi 15. Wengi hukosea hapa: injini inakohoa mara moja, dereva anaachia ufunguo kwa furaha, inazima. Ikianza kukohoa endelea kushikilia mpaka silinda zote zishike na izunguke kwa nguvu zake. Isipowaka, pumzika dakika nzima, pasha moto tena, rudia. Ikigoma mara ya tatu acha. Kuendelea ni kumaliza betri na kuunguza stata, na umeshapata dalili za kutosha.

Likigoma, tazama moshi na sikiliza stata

Hapa ndipo penye elimu yote, kwa hiyo tusikimbie.

Stata ikizunguka kivivu, au ikilia tu ta-ta-ta, shida ni umeme. Usikimbilie kununua betri. Mara tu baada ya kupiga stata gusa vichwa vya betri kwa vidole, kimoja kimoja, kisha gusa mahali waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri, ulipofungwa kwenye injini. Kikiwa cha moto kimoja, hapo ndipo umeme unapopotelea. Kifungue, kisugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, kaza. Ukiwa na mita, betri iliyolala usiku mzima ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu tu. Na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hapo na vichwa ni safi, betri imefika mwisho.

Stata ikizunguka vizuri na kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, dizeli inafika lakini haipati moto wa kuiwasha. Hizo ni hita plagi, au kompresheni (mgandamizo wa silinda) imechoka. Moshi mweupe ambao haunuki dizeli na unaendelea hata injini ikishapata moto, huku maji ya redieta yakipungua, ni jambo lingine: hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa.

Stata ikizunguka vizuri na hakuna moshi hata chembe, dizeli haifiki. Bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini na unabonyeza mara nyingi kabla haijawa ngumu, mfumo umeingiza upepo: usiku dizeli imerudi kwenye tenki kupitia mpira uliopasuka au oringi iliyokauka. Kosa hili watu wengi huliita baridi, kwa sababu mpira husinyaa kwa baridi na kuvuja usiku, mchana ukishapata joto unajiziba. Toa upepo, pampu mpaka iwe ngumu, jaribu. Ikiwaka, siku hiyohiyo badilisha mipira.

Ikiwa chupa yako ilionyesha nta, loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue na ukizungushie filta ya dizeli, rudia mara kadhaa. Kimoja zaidi kiweke juu ya manifoldi ya kuingiza hewa. Usimwage maji ya moto juu ya pampu ya nozeli. Ndani yake kuna vyuma vilivyolingana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Chuma cha nje kikipanuka kwa ghafla na cha ndani bado baridi, pampu inaweza kukamata, na bei yake unaijua.

Kupima hita plagi mwenyewe

Ile taa ya njano kwenye dashibodi, kwa gari nyingi za zamani, ni saa tu. Inahesabu muda na kuzima hata kama plagi zote nne zimekufa. Usiiamini.

Unahitaji taa ya kupimia yenye klipu na ncha. Funga klipu kwenye ethi, ncha iguse ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi, mwenzako awashe swichi. Taa ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, tazama fyuzi kubwa na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kabla ya kulaumu plagi.

Umeme ukiwa unafika, zima swichi, fungua nati ndogo na utoe ule ukanda ili kila plagi ibaki peke yake. Sasa hamisha klipu iende kwenye chanya ya betri, na ncha iguse kichwa cha plagi moja moja. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya plagi ni mzima. Isipowaka, plagi hiyo imekatika. Ukikuta mbili kati ya nne zimekufa, nunua zote nne. Zilizobaki zina umri uleule.

Kabla ya kununua soma volti zilizoandikwa kwenye plagi. Zipo za volti 12, zipo za volti 24 za Canter na Fuso, na zipo zilizotengenezwa kwa volti chini ya hizo. Plagi ya volti ndogo ukiipa umeme wa betri nzima kwa muda mrefu, ncha yake huvimba, hukatika na kuangukia ndani ya silinda. Hili huwapata hasa waliofungiwa kitufe cha kubonyeza baada ya rilei kufa. Ukiwa na kitufe hicho hesabu mpaka 10, achia. Na plagi uzifungue injini ikiwa ya moto, taratibu, ukirudi nyuma kidogo kila inapokaza. Ikikatikia kwenye hedi umetafuta kazi ya siku mbili.

Kubusti

Kubusti ni kuazima umeme wa betri ya gari lingine. Tafuta kwanza gari lenye volti sawa na lako. Lori la volti 24 lisibusti gari la volti 12 kwa hali yoyote, utaunguza kontrol boksi na taa zote. Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi unaanza kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake ufungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Liache gari zima liungurume dakika tano hadi kumi ndipo upige stata.

Mambo ya kuacha kabisa

Kopo la kupuliza la kuwashia injini, lile lenye etha, lisikaribie gari lenye hita plagi. Etha huwaka kabla pistoni haijafika juu, na ikikuta plagi ya moto inalipuka kwenye manifoldi. Ringi huvunjika, pistoni hupasuka. Kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa ni hatari vilevile.

Moto wa kuni chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) upo mpaka leo kwenye vijiji vya mbao na viazi, na magari yameungua. Mabaki ya oili chini ya injini, mpira wa dizeli unaovuja, na moto wazi: havifai kukutana. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa nalo huua watu kwa hewa chafu isiyo na harufu, na injini inayounguruma humo huleta hatari ileile.

Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni desturi ya zamani. Kweli mafuta ya taa huchelewesha nta. Lakini pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Injini ya kisasa inayosukuma mafuta kwa mgandamizo wa bar zaidi ya 1,000 haitavumilia. Tena tangu 2010 mafuta ya Tanzania huwekewa vinasaba (kemikali ya utambulisho) ili kubaini uchakachuaji, kwa hiyo usijitengenezee mchanganyiko ambao utashindwa kuuelezea.

Thermostati irudishwe

Hili linaniuma. Mafundi wengi, gari likichemka Pwani, hung'oa thermostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate joto) na kumwambia mteja injini sasa itapumua. Injini hiyo ikipanda Makete haipati joto lake maisha. Maji yanazunguka kwenye redieta tangu sekunde ya kwanza, sindano inalala chini siku nzima, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka, silinda zinalika, na baada ya mwaka kompresheni imeshuka na gari haliwaki asubuhi. Chanzo cha kuchemka kilikuwa redieta chafu au pampu ya maji. Nunua thermostati, irudishe mahali pake.

Na maji matupu kwenye redieta hayafai nyanda za juu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na kinachopasuka ni bloku, mwili wa injini wenyewe. Kulanti na maji nusu kwa nusu huvumilia mpaka chini ya nyuzijoto 30 hasi, na huzuia kutu mwaka mzima.

Oili nayo ichague kwa namba ya mbele, ile yenye W, kwani ndiyo inayoeleza tabia yake ikiwa baridi. 15W-40 inatosha Njombe na Mbeya. Ukilala Kitulo mara kwa mara, 10W au 5W itaipa stata nafuu kubwa, mradi namba ya pili ibaki ile inayotakiwa na injini yako. Achana na oili nzito ya namba moja kama SAE 40, na 20W-50 iache kwa wa Pwani.

Likishawaka

Usikanyage mafuta. Oili inahitaji muda kufika juu kwenye kamshafti, na kwenye turbo inahitaji muda zaidi. Dakika moja au mbili zatosha, kisha ondoka taratibu, bila kuvuta gia, mpaka sindano ya joto ianze kupanda. Kuliacha likiunguruma nusu saa uani ni kupoteza mafuta: dizeli isiyo na mzigo haipati joto upesi.

Kwa walio Ulaya na Amerika Kaskazini

Ndugu zetu wanaoendesha malori Minnesota au Kanada wana baridi ya aina nyingine, na mengi ya hapo juu hayawatoshi. Dizeli ya huko hubadilishwa kwa msimu. Ujerumani, kwa mfano, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari dizeli lazima ipite kwenye filta hata kwa nyuzi 20 hasi. Hatari ni tenki ulilojaza kusini kwenye joto ukaingia nalo kaskazini. Jaza upya njiani mara tu unapoanza kuona theluji. Dawa ya kuzuia nta iwekwe kabla mafuta hayajaganda, kwani yakishaganda haiyayeyushi kirahisi. Hita ya bloku ichomeke saa mbili au tatu kabla ya kuwasha, kwa waya mnene wa nje. Usiku kucha si lazima. AdBlue (kimiminika cha kusafishia moshi wa ekzosi) huganda kwenye nyuzi 11 hasi, na gari limetengenezwa liiyeyushe lenyewe likiwa linatembea, kwa hiyo usimimine maji ya moto wala dawa yoyote kwenye tenki lake.